Nani alimwangusha Maalim Seif 1988, na kwanini?

Mdadisi
Wakuu heshima kwenu. Mi nimezaliwa mwishoni mwa miaka ya 90, Maalim Seif namjua kama mgombea wa upinzani Zanzibar, kuanzia 1995 mpaka 2020 kila uchaguzi yupo, kwanza kwa chama cha CUF afu ACT. Juzi nasoma mambo ya zamani ndo nagundua kumbe alikuwa Waziri Kiongozi (mkuu wa shughuli za serikali chini ya Rais) wa SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi Zanzibar, tena ndani ya CCM, February 1984 hadi January 1988, na kabla ya hapo Waziri wa Elimu. Yani mtu kabakiza hatua moja awe Rais wa Zanzibar, ghafla anatolewa kwenye cheo, miezi minne baadae anavuliwa uanachama, mwaka unaofuata yuko ndani. Nini kilitokea hapo katikati? Nikiuliza wazee wa bara wananiambia alitaka kuvunja Muungano, wa visiwani wananiambia alionewa basi. Mwenye kuijua hii habari anieleze taratibu.

Mzee wa Darajani
Mwanangu, huwezi kuelewa alivyoanguka kama hujajua alipendwa kwa nini. Mwaka 1983 hapa Unguja hali ilikuwa ngumu usiombe, bei ya karafuu imeporomoka, serikali haina fedha za kigeni, dukani hakuna kitu. Mama alikuwa akiniamsha alfajiri nikapange foleni ya mchele kabla ya skuli, tunaweka kikapu au jiwe kushika nafasi, ukienda kusali ukirudi unakuta kikapu chako kishasukumwa nyuma na huna wa kumuuliza. Mche wa sabuni tulikuwa tunaukata kwa uzi vipande vidogo vidogo.

Sasa mwishoni mwa January 1984 anaingia Ali Hassan Mwinyi kuwa Rais wa Zanzibar, Seif anakuwa Waziri Kiongozi wake, kijana wa miaka 40 tu, biashara inafunguliwa, wenye fedha zao wanaruhusiwa kuagiza vitu nje. Mwaka huohuo ikaja Katiba mpya ya Zanzibar yenye haki za raia ndani yake. Siku moja mama karudi na sabuni ya kuogea, ile ya kufungwa kwenye karatasi, hakuifungua, akaitia kabatini katikati ya kanga zake ikakaa wiki nzima nguo zinukie, na sisi hatukuruhusiwa hata kuigusa. Mambo kama hayo mtu hasahau, na watu walijua nani yuko serikalini wakati huo.

Fundi Katiba
Mzee kaeleza vizuri, mi niongezee upande wa siasa. Ndani ya CCM Zanzibar kulikuwa na makundi mawili, waliitwa Liberators na Frontliners. Liberators ni wale wa ASP ya zamani, chama kilichotawala Zanzibar kabla ya CCM, waliojiona ndio wenye mapinduzi ya 1964, Frontliners ni wasomi waliokuja juu baadae na Seif ndo kinara wao. 1985 Nyerere anang'atuka, Mwinyi anapanda kuwa Rais wa Muungano, Zanzibar inatafutwa mtu, Halmashauri Kuu ya CCM ikabaki na majina mawili Idris Abdul Wakil na Seif, Wakil akapita kwa kura chache sana. Seif akaendelea kuwa Waziri Kiongozi chini ya mtu aliyeshindana nae, na hapo ndo pabaya penyewe. Uchaguzi wa October Wakil yuko peke yake kwenye karatasi, ni ndiyo au hapana, na Pemba kura za hapana zikawa nyingi mno. Seif ni mtu wa Mtambwe, Pemba, kwahiyo vidole vikaelekezwa kwake na kwa watu wake.

January 1988 Wakil akatangaza kuna watu wanataka kumpindua, akavunja baraza la mawaziri, nafasi ya Seif akapewa Omar Ali Juma. May chama kikamfukuza Seif na wenzake sita, akiwemo Hamad Rashid na Shaaban Mloo. Kumbuka ni chama kimoja, ukishafukuzwa chama siasa yako imeisha, huna pa kwenda. May 1989 akakamatwa kwa madai ya kukutwa na nyaraka za siri za serikali, ametoka November 1991.

Bi Shungi
Kaka zangu mnaruka jambo na mimi siwezi kulinyamazia, japo Maalim nilimpenda na kura yangu alipata kila nilipoenda kituoni. Huyo Mwinyi aliingiaje? Aliingia baada ya Aboud Jumbe, aliyekuwa Rais wa Zanzibar, kung'olewa Dodoma January 1984. Jumbe alitaka Muungano wa serikali tatu, ya Zanzibar, ya Tanganyika na ya Muungano, akawa anaandaa kulipeleka suala la Muungano kwenye Mahakama ya Katiba, waraka ukafika kwa wakubwa wa chama, akaitwa kikaoni, akajiuzulu vyeo vyote. Na Maalim kwenye kikao kile alikuwa upande wa waliomkabili Jumbe, siku chache baadae ndo akapata uwaziri kiongozi. Miaka minne tu mlango uleule ukafunguliwa kwa ajili yake. Mdadisi ukitaka kujua nani alimwangusha, jibu langu ni ule utaratibu wa kikao cha chama kumtoa kiongozi wa Zanzibar bila Mzanzibari kuulizwa, na yeye mwenyewe alishausaidia ilipokuwa zamu ya mwenzake. Inaniuma kuandika hivi.

Mdadisi
Dah, hapo kwa Jumbe sikuwa najua kabisa. Asante dada. Swali la mwisho basi, je alivyotoka 1991 watu walikuwa bado nae au ilibidi aanze upya?

Mzee wa Darajani
Bi Shungi nimekusoma, siku zile sisi vijana tulishangilia Jumbe kuondoka, tulitazama foleni tu, hatukutazama mbali.

Mdadisi, hakuanza upya hata kidogo. Vyama vingi viliruhusiwa 1992, CUF ikaanzishwa, na 1995 matokeo yaliyotangazwa ni Salmin Amour asilimia 50.2 na Seif 49.8. Hesabu mwenyewe, mtu alofukuzwa chama na kukaa ndani miaka miwili na nusu. Alipofariki February 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, akazikwa kwao Mtambwe.