Usafi wa manispaa kupewa mkandarasi: tawi la chama lianzie wapi?

Fagio la Chelewa
Wakuu, salaam. Kuna manispaa hapa Dar inapanga kukabidhi ufagiaji wa barabara na uzoaji taka kwa mkandarasi kuanzia Julai. Wafanyakazi wa kitengo wengi ni wanachama wa TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa; wachache ajira ya kudumu, waliobaki mikataba. Kuna wanaotaka kugoma kesho. Utaratibu ukoje, na nyaraka gani zidaiwe mapema?

Mzee wa Dispachi
Mgomo uwekeni pembeni kwanza. Maji na usafi wa mazingira vimo kwenye orodha ya huduma muhimu ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mwajiri atakimbilia hapo hapo. Hata walimu, ambao hawamo kwenye orodha hiyo, mgomo wao wa 2012 ulizimwa na Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi.

Pa kukaba ni Baraza la Wafanyakazi, kikao cha menejimenti na wawakilishi wa wafanyakazi, kabla bajeti haijafika kwa madiwani. Tatizo la mabaraza mengi linajulikana: makabrasha yanagawiwa asubuhi ya kikao, bajeti inasomwa haraka, inapita kabla ya chai. Daini kabrasha wiki moja kabla, muweke fungu la mishahara ya kitengo chenu kando ya fungu la huduma za usafi. La kwanza likishuka na la pili likipanda, mkandarasi keshaingia humo hata kama hajatajwa. Pingamizi liandikwe kwenye muhtasari kama lilivyosemwa. “Wajumbe walitoa maoni” haisaidii mtu baadaye.

Sambamba na hilo, barua kwa Mkurugenzi kupitia masijala. Nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, au mpokeaji asaini dispachi (daftari la kupokelea barua). Ujumbe wa WhatsApp kwa Ofisa Utumishi usiutegemee. Ombeni mambo ya kifungu cha 38 cha Sheria hiyo ya Ajira ya 2004: sababu za kupunguza watu, njia za kuepuka, vigezo vya nani aondoke, lini, na malipo. Haya mashauriano yanatakiwa mara tu mwajiri anapoanza kuwaza kupunguza, siyo barua za kuachishwa zikishachapwa.

Daftari la Kazi
Naongezea: msiwafungie wote kwenye shauri moja. Tangu marekebisho ya 2016, mtumishi wa umma lazima kwanza amalize njia za Sheria ya Utumishi wa Umma. Akikurupuka kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) anarudishwa. Wa mkataba, someni barua zao moja moja kwanza. Anayestahili CMA ana siku 30 tangu kuachishwa kujaza fomu CMA F.1, na siku 60 kwa migogoro mingine. Fomu inamfikia mwajiri kwanza, ndipo inasajiliwa pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Hapa wengi wanaanguka. Ukichelewa ni CMA F.2, fomu ya kuomba kuongezewa muda, na lazima ueleze kila siku ya kuchelewa.

Kiinua mgongo cha kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya 2004 ni kidogo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Ndiyo maana ni heri kuitetea kazi yenyewe.

Tandale Kwetu
Mkizungumzia ajira tupu, diwani atasikiliza na kusahau. Mpelekeeni huduma. Mkandarasi anayelipwa kutokana na ada anayokusanya atapenda barabara ya lami, maduka na nyumba zenye geti. Vichochoro vya Manzese ambavyo lori haliingii vinahitaji toroli na watu, na walipaji ni wachache, basi vinarukwa. Taka zinaishia mtaroni, na masika yakifika kila mtu anaona.

Tengenezeni karatasi moja kwa kila kata: mitaa inayofagiwa, siku zake, tripu za kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi kwa wiki, idadi ya watu na vifaa (toroli, beleshi, reki, glavu, gambuti). Mwenyekiti wa mtaa asaini. Ipelekwe kwa mjumbe wa Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, maana hoja inapita huko kabla ya baraza la madiwani.

Fagio la Chelewa
Shukrani. Na zabuni tutajuaje imefika wapi?

Mzee wa Dispachi
Angalia mpango wa manunuzi wa mwaka kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, usisubiri tangazo. Ikishindikana kuzuia, pambaneni na masharti ya mkataba: mkandarasi achukue kwanza wafanyakazi waliopo, malipo yake ya kila mwezi yaambatane na uthibitisho wa michango ya NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (fidia kwa wafanyakazi), na vichochoro vitajwe kwa majina. Chama nacho kitaanza upya kwake: fomu mpya za TUF.6 (za kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara) na zaidi ya nusu ya wafanyakazi, la sivyo hana wajibu wa kukitambua.