Waajiri, acheni kumfukuza kila anayehoji kwa kisingizio cha "insubordination"!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Neno "insubordination", yaani kukaidi amri ya mkubwa wako kazini, sasa limekuwa fimbo ya mabosi. Ukiuliza mshahara, insubordination. Ukikataa kufokewa, insubordination. Juzi mpishi wa kantini kazini kwetu kamuuliza msimamizi malipo yake ya saa za ziada yako wapi. Kauliza mbele za watu, na hakuuliza kwa kubembeleza. Kesho yake kapewa barua ya Kiingereza kitupu, anatakiwa kwenye kikao cha nidhamu mchana huohuo. Akaniletea nimsomee: "Kaka, wameandika nimeiba?"

Mama wa watu alidhani ni mwizi!

Sasa tuelewane. Neno "insubordination" linahusu amri. Mkubwa mwenye mamlaka anakupa agizo halali, linalotekelezeka, umelielewa, halafu unakaidi kwa makusudi. Kuongea kwa ukali ni kukosa adabu, na Kiingereza kina maneno yake kwa hilo: "rude", "insolent". Anayemtukana bosi aadhibiwe, sitetei matusi. Lakini yule mama alikaidi amri gani? Wali ulipikwa, watu wakala, vyombo vikaoshwa. Alichodai ni haki yake: hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kudai kilichomo kwenye sheria kunageukaje uasi?

Hata penye ukaidi wa kweli, Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, kanuni ya 12, zinataja "gross insubordination" kati ya makosa ya kumfukuzisha mtu kazi. Yaani ukaidi mkubwa, uliopitiliza. Hilo "gross" maofisa rasilimali watu wanalirukaga kana kwamba limechapwa kwa bahati mbaya, kisha kosa la kuonywa kwa mdomo linakuwa la kumnyima mtu mkate.

Kinachonichoma zaidi ni hiyo barua. Kanuni ya 13 inamtaka mwajiri amjulishe mfanyakazi tuhuma zake kwa lugha anayoweza kuielewa. Bunge lenyewe lilipitisha mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Nyinyi mnamwandikia mpishi aliyeishia darasa la saba kurasa mbili za Kiingereza, wakati kikao chenyewe mtakiendesha kwa Kiswahili. Hamtaki ajitetee, ndiyo maana. Na muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, mmempa saa ngapi? Hata chakula cha mchana kilikuwa hakijaiva!

Kwa mliopewa barua za aina hii: msisaini kwamba mmekiri kosa msilolielewa. Ombeni tuhuma kwa Kiswahili, kwa maandishi, itajwe amri mliyokaidi, nani aliitoa na lini. Ingieni kikaoni na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzenu, inaruhusiwa. Wakishakuachisha, una siku 30 kupeleka mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikae nyumbani kusubiri bosi apoe, siku zinahesabika.

Na ninyi maofisa rasilimali watu mliomo humu, jibuni: amri ipi ilikaidiwa?