Naomba ushauri: kunakili tokeni kwenye memori ndani ya draiva ya Linux

Wakuu, habari za saa hizi. Naandika draiva ndogo ya taa. Mtumiaji anaandika "nyekundu,kijani,bluu" kwenye faili la /proc (njia ya mtumiaji kuwasiliana na kernel), maandishi hayo yanashikwa na pointa s, mimi nayakata kwa strsep(), halafu kila tokeni (kipande kilichokatwa) naitengea memori kwa kmalloc(strlen(tok), GFP_KERNEL) na kuinakili kwa strcpy().

Kilichonichanganya: "bluu" inapita salama, ila nikiweka "nyekundu" mashine inaganda baadaye kidogo. KASAN (kikaguzi cha makosa ya memori ndani ya kernel) ikalia slab-out-of-bounds, yaani nimevuka nafasi niliyotenga, kwa baiti 1. Nikahesabu kwa vidole: herufi 8, na ile sifuri ya kufungia maandishi inakuwa ya 9, nami nimetenga 8. Aibu tupu. Sasa natumia kstrdup(tok, GFP_KERNEL), inayotenga nafasi ya kutosha na kunakili yenyewe.

Lakini memori bado inavuja. Namshuku kfree(s) wa mwishoni, anayepaswa kuiachilia memori, maana strsep() inaisogeza s hadi inakuwa NULL, na kfree ya NULL haifanyi kitu. Nikihifadhi anwani ya mwanzo kwenye pointa nyingine itatosha? Na kstrdup ikigoma kwenye tokeni ya tatu, zile mbili za kwanza mnazifutaje, kwa goto? Au bora nibaki na bafa moja tu, nitunze pointa za ndani yake?