Tupeane uzoefu: kocha alipobadili mfumo, staa wenu ilikuwaje?

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Staa akipita mechi tatu bila bao tunamzika mitandaoni: amekwisha, pesa zimempanda kichwani. Ni mara chache tunauliza kocha amemweka wapi. Naomba tusimuliane, waliocheza, wanaofundisha na sisi watazamaji.

Naanza na Jude Bellingham. Msimu wa 2023/24 straika Benzema ameshaondoka Real Madrid na kocha Ancelotti hana namba tisa halisi, yaani mfungaji wa kusimama katikati. Akapanga viungo wanne kwa umbo la almasi, Bellingham juu kabisa, nyuma ya Vinícius na Rodrygo. Wale wawili wakikimbilia pembeni wanaondoka na mabeki, katikati panabaki wazi, naye anaingia boksi kwa kuchelewa huku anatazamana na goli. Akafunga mabao 19 ya ligi, yakiwemo mawili yaliyoipindua Barcelona Oktoba 2023. Msimu uliofuata kiungo Kroos kastaafu, straika Mbappé kaja, na ile nafasi ya katikati mbele ikawa yake Mbappé. Bellingham akarudi chini kwenye ukabaji na kuunganisha timu. Bao lake la kwanza la ligi lilipatikana Novemba dhidi ya Osasuna, akamaliza na 9. Msiniambie ni jeraha la bega, lilianza kumsumbua Novemba 2023, katikati ya msimu ule ule wa mabao.

Kiungo wa Mbagala
Mkuu, uzi huu umenigusa. Nilikuwa namba kumi, kiungo mshambuliaji, kwenye ndondo, watu wanakuja uwanjani kuniangalia. Akaja kocha mpya, akanishusha namba sita, kiungo mkabaji mbele ya mabeki.

Watu wanadhani tofauti ni umbali wa kutoka golini. Hapana. Namba kumi akipokonywa mpira, nyuma yake kuna timu nzima. Namba sita unapokea kutoka kwa beki wa kati, umewapa mgongo wapinzani wote, presha inatokea usikokuona, na ukipokonywa hapo wamebaki mabeki wa kati na kipa tu. Basi unaanza kucheza kwa woga: pasi moja, rudisha kwa beki. Chenga zangu zikapotea kwa sababu eneo lile halina ruhusa ya chenga. Wale wale waliokuwa wananitunza hela baada ya mechi wakawa wanapiga kelele nitolewe.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa mtaani aliyewahi kucheza kiungo mkabaji. Alisimama pembeni ya mstari mazoezini, na kila beki wetu alipojiandaa kunipa mpira ananiita: "Bega!" Maana yake nitazame nyuma ya bega kabla mpira haujatoka mguuni kwa mwenzangu. Ilichukua muda mrefu, lakini siku nilipopokea na kugeuka kwa mguso mmoja, straika wao akapita patupu, nilijua naweza kuishi pale. Mabao hayakurudi kamwe. Kocha hakuwahi kukaa na mimi kunieleza kwa nini amenihamisha, na hilo ndilo liliniuma kuliko kelele za mashabiki.

Kop ya Mombasa
Kuna upande mwingine wa mambo, ndugu zangu. Salah wa Liverpool msimu wa 2024/25. Kocha Slot alimpunguzia kazi ya kurudi kukaba, na Salah mwenyewe alilieleza hilo hadharani. Mabao 29 na pasi za mabao 18 kwenye ligi, ubingwa ukaja Anfield. Lakini kuna mtu analipa: tazama mechi zile uone kiungo Szoboszlai anavyokimbia upande wa kulia. Staa akipumzishwa, mwenzake anabeba.

Mzee wa Kigoma
Hamjamtaja straika Eto'o! Mei 2009, Barcelona wanakwenda Bernabéu kwa Real Madrid, kocha wao Guardiola anamleta Messi katikati na Eto'o anapelekwa winga ya kulia. Wakashinda 6-2. Eto'o alimaliza msimu ule na mabao 30 ya ligi, na kiangazi wakamwachia Inter. Huko kocha Mourinho akamweka acheze pembeni. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2010 pale Camp Nou kwa Barcelona, Thiago Motta wa Inter kapewa nyekundu mapema, Eto'o akacheza kama beki wa pembeni hadi alipotolewa dakika za mwisho. Msimu ule alifunga 12 tu katika ligi, na akabeba mataji matatu. Mwaka uliofuata akarudishwa karibu na goli: mabao 37 katika mashindano yote, naye anatimiza miaka 30. Yule angekuwa amekwisha kweli?

Mleta mada
Mzee wangu, shikamoo. Huo mfano umeupita wangu kabisa kwa uzuri.

Mwalimu wa Kisumu
Mimi nafundisha timu ya wasichana. Nilihamia mabeki watatu kwa sababu tulikuwa tunafungwa ovyo, na winga wangu bora akawa anacheza upande mzima, kukaba na kushambulia. Tukaacha kufungwa. Yeye akaacha kucheka.

Nikaanza kuandika kwenye daftari kila anapogusa mpira ndani ya boksi. Mechi nyingine ukurasa ulibaki mtupu. Nikamwonyesha, nikamwambia tatizo ni mahali nilipomweka, si yeye. Tangu hapo tumekubaliana: tukiongoza anashuka, tukiwa nyuma anapanda na beki wa kati wa kulia anamfunikia nafasi. Huyo beki naye analalamika kwamba anaachwa peke yake kukaba winga wawili wa wapinzani. Kiungo wa Mbagala, na ninyi mliocheza pembeni, nimsaidieje beki wangu bila kumrudisha yule binti nyuma?