Hati ina jina langu peke yangu, ridhaa ya mke ya nini?

Mleta mada: Wakuu, nyumba niliijenga nikiwa kapera na hati ina jina langu. Mteja kapatikana, lakini wakili wake anadai saini ya mke wangu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali. Sasa niombe ruhusa kwa mtu ambaye hajaweka hata tofali moja?

Bint Mzizima: Hata tofali moja? Watoto wako wameogeshwa na nani miaka yote hii? Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo 1983, kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mnaandika kama vile mke ni mpangaji.

Kisiki: Dada, soma kesi mpaka mwisho. Bi. Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, maana mume alishampa fedha akazitumia kwa mambo yake.

Bint Mzizima: Umelishika hilo tu! Kanuni ilibaki, na wanawake wengine wamepata haki zao kupitia hiyo. Unafurahia alivyokosa?

Kisiki: Sifurahii. Nakataa kusoma nusunusu.

Mwananzengo: Kesi hiyo ni ya mgawanyo baada ya talaka, huyu bado yuko ndani ya ndoa. Kinachombana ni kifungu cha 59 cha hiyohiyo Sheria ya Ndoa: nyumba mnayoishi pamoja huuzi, hugawi, hupangishi wala huweki rehani bila ridhaa ya mwenzako, na mke naye kinamfunga vilevile. Hakiulizi nani alinunua saruji. Ukiuza kinyemela, mnunuzi anaipokea pamoja na haki ya mkeo kuendelea kuishi humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vinginevyo. Ndiyo maana wakili kakomaa.

Mleta mada: Nimeuliza umiliki, mnaniletea kuogesha watoto. Na yeye ana kiwanja chake, mbona anaweza kukiuza bila saini yangu?

Mwananzengo: Kiwanja kitupu hamuishi humo.

Dalali Mkongwe: Mimi namwonea huruma mnunuzi. Muuzaji anaapa kwamba hana mke, analipwa, kisha mama anatokea na watoto wake. Kwenye mikopo walau Sheria ya Ardhi imefanya kudanganya kuhusu mwenza kuwa kosa. Mnunuzi wa kawaida atajuaje, wakati ndoa nyingi za kimila hazina hata cheti?

Bint Mzizima: Aulize majirani. Familia haifichiki mtaani.

Dalali Mkongwe: Majirani haohao ndio wanaopewa chochote wakae kimya. Nimeyaona kwa macho yangu. Afadhali mke awahi kuweka zuio kwa msajili wa hati, yaani taarifa rasmi kwamba ana haki kwenye nyumba, hapo hata mimi nisingempeleka mteja.

Kisiki: Mke gani ataenda kuweka zuio wakati ndoa ina amani? Hapo unaanzisha ugomvi.

Bint Mzizima: Mleta mada, jibu moja tu: mkeo anajua kwamba nyumba iko sokoni?

Mleta mada: Hayo ni ya ndani kwangu. Nimeuliza sheria.