Ukisema amina tu, wasiwasi umerudi: kosa liko wapi?

Mleta uzi: Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri wa vitendo, si ule wa "mwachie Mungu" halafu basi. Mtu ana madeni, kazi haieleweki, usingizi unakatika saa nane usiku. Anasali nusu saa, akisema amina tu mawazo ni yale yale. Aanzie wapi? Na asome nini wakati kichwa kimejaa?

Mwana wa Zaburi: Kosa liko kwenye hiyo nusu saa. Mara nyingi mtu hasali, anahangaika akiwa amefumba macho: analieleza tatizo, analirudia, analipigia hesabu, anainuka amelikoleza. Wafilipi 4:6 inasema "haja zenu", na haja ina jina. "Bwana, niangalie maisha yangu" haina pa kushika. "Kodi ni Ijumaa, nusu yake sina, naomba njia, na ujasiri wa kumpigia mwenye nyumba kesho asubuhi" hiyo ndiyo haja.

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika unayoweza kuyafanya leo, kulia yaliyo nje ya uwezo wako. Ya kulia yataje kwa sauti, sentensi moja kwa kila jambo, upite. Ya kushoto chagua moja ukalifanye. Malizia na shukrani tatu za jana, nazo ziwe na majina. Aya ile ile inasema "pamoja na kushukuru" na watu huiruka. Dakika 10 zinatosha.

Wazo likirudi (litarudi tu), sema ile sentensi moja, usianze maelezo upya. Yesu mwenyewe Gethsemane aliomba mara tatu kwa maneno yale yale, Mathayo 26:44.

Mchunga Kondoo: Kwenye kusoma, asijipangie sura nne kwa siku, atazipitisha macho tu. Zaburi 13 ina aya 6. Aisome kwa sauti, polepole, mara mbili. Daudi anauliza "hata lini" mara nne kabla hajaomba lolote, na tumaini linaingia kwenye aya ya 5. Wengi wetu huanzia aya ya 5 kwa kuogopa kumlalamikia Mungu, ndiyo maana maneno hayagusi moyo. Asipofika kwenye hiyo aya ya 5 siku hiyo, asijilazimishe. Zaburi 88 inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia.

Mretemu: Nakazia upande wa mwili. Eliya alipoomba afe, 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Maneno ya Mungu yalikuja baadaye, kwenye mlima Horebu. Kwa hiyo asiyelala wala kula vizuri asianze kufunga siku tatu.

Chumvi: Mretemu, kufunga kuna nguvu yake bwana.

Mretemu: Sijakataa. Ila mwili uliochoka ukinyimwa chakula, hofu hupanda, halafu mtu anadhani ni mashambulizi ya adui. Afunge simu kwanza, kuanzia saa tatu usiku.

Mleta uzi: Nimewaelewa. Na hiyo saa nane usiku?

Mwana wa Zaburi: Kama dakika 20 zimepita na usingizi haurudi, aondoke kitandani, akae kwenye mwanga hafifu. Avute pumzi kwa hesabu ya 4 akisema moyoni "Nafsi yangu yamngoja Mungu", aitoe kwa hesabu ya 6 akisema "peke yake kwa kimya" (Zaburi 62:1). Pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayopunguza kasi ya moyo. Mara 10, kisha Zaburi 4:8, arudi kulala.

Dada Mtulivu: Hali hiyo ikizidi wiki mbili mfululizo, aende kwa daktari huku akiendelea kusali. Yakija mawazo ya kujidhuru, aende siku hiyo hiyo, tena asiende peke yake. Na anayetumia dawa asiziache kwa sababu ameombewa. Aliyeziandika ndiye azipunguze.