Mashine imeharibu Bismillahi niliyoiandika kwa mkono, na mwenye nyumba ya wageni hataki kuishusha ukutani

Wadau, salamu. Nimejizuia wiki mbili nisiandike nikiwa na hasira. Nimeshindwa, basi nisomeni hivyo hivyo.

Mimi ni mchoraji, naishi Amu, yaani mji wa Lamu, upande wa Mkomani. Nachora milango ya mji kwa mkono. Wino mweusi, karatasi nene, basi. Mlango mmoja hunichukua alasiri tatu au nne, nimekaa barazani kwa watu, na punda wakipita na mizigo ya mchanga inabidi nivute miguu. Sichori mlango kwa kukisia. Kama mbao ina ufa, nauchora ufa. Kama mfaa, ule mti wa katikati zinapokutana mbao mbili za mlango, umeliwa na mchwa chini, nachora palipoliwa.

Sasa mpwa wangu akaniwekea kwenye simu programu ya akili bandia. Unapiga picha mchoro wako, unaandika maneno mawili matatu ya unachotaka, nayo inakurudishia mchoro umegeuzwa. Nakiri mbele yenu, usiku wa kwanza sikulala. Nilitia mchoro wa jahazi, likarudi na rangi, na jua linazama, na maji yanametameta. Nilimwamsha mke wangu aone. Yeye ni mtoto wa Matondoni, kwao wanaunda vyombo. Akaitazama simu jicho moja limefumba, akasema, "Zuri. Na hilo tanga la pili limefungwa na nini?" Nikaangalia. Halikufungwa na kitu, lilikuwa linaelea tu. Ningesimama pale pale, leo nisingekuwa naandika uzi huu.

Nikaendelea, nikatia mlango. Mlango wenyewe ni wa nyumba ya zamani karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, na ubao wa juu una Bismillahi iliyochongwa, niliyoinakili herufi kwa herufi. Programu ina kipimo cha kuvuta kwa kidole, kutoka 0 hadi 1. Ukiweka 0 inakuachia mchoro wako kama ulivyo. Ukiweka 1 inautupa na kuchora ya kwake. Nikaweka 0.6.

Kwa wasiojua inavyofanya kazi: inaumwagia mchoro wako chengachenga, kama televisheni za zamani zilizokosa mawimbi, kisha inazipangusa hatua kwa hatua huku ikikisia kilichokuwa chini yake. Inakisia kwa picha ilizofunzwa nazo, na hizo ziliokotwa intaneti kwa mabilioni. Kuna mkusanyiko mmoja uliotumika kufunza programu kadhaa za aina hii, LAION-5B, una picha zaidi ya bilioni 5 pamoja na maelezo yake. Humo milango ya Amu ni mingapi? Kwa hiyo pale isipojua, inajaza kwa kile ilichokiona sana. Mlango wangu ukarudi na tao la juu kama la Moroko, misumari ya shaba iliyochongoka kila mahali, na mfaa haupo. Mbao mbili zimeachana katikati, mwanya wazi, mwizi aingie kwa raha zake. Ufa umezibwa. Mchwa wamefukuzwa.

Na ile Bismillahi! Simu ndogo, usiku, sikuikuza. Kosa hilo ni langu, nalibeba.

Asubuhi nikamwonyesha mteja wangu, mwenye nyumba ya wageni kule Shela, aliyekuwa ameniagiza mchoro wa mkono kwa shilingi 8,000. Nilimwonyesha kwa kujigamba tu, kama mtu anayeonyesha saa mpya. Akasema, "Hii ndiyo ninayoitaka. Ule wa wino kaa nao." Akanipa 1,500 kwa sababu, kwa maneno yake, "kazi imefanywa na simu." Nikazipokea. Bili ya stima inajua kwa nini.

Akaichapisha kubwa, inanizidi urefu, akaitundika pale wageni wanapojiandikisha.

Sikujua lolote mpaka maalim aliyenifundisha chuoni alipokwenda pale kwa shughuli zake. Ijumaa baada ya swala akaniita kando, hana hasira, jambo lililonimaliza zaidi. "Mwanangu, mlango ule naujua, na mkono ule naujua. Sasa yale maandishi ni ya lugha gani?"

Nilikwenda mbio. Nikasimama mbele ya ule ukuta nikaisoma kwa mara ya kwanza. Sini ina meno matatu, mtoto wa miaka sita anajua. Hii ina saba. Ile ba ya mwanzo ina nukta tatu chini, hiyo si ba tena. Mimu imejifunga fundo kama kamba ya punda. Palipokuwa na jina la Mwenyezi Mungu pana kitu kama nyayo za kaa mchangani. Ukiwa mbali unaona Kiarabu. Ukikaribia, hakuna hata neno moja.

Na kwenye kona ya chini kulia, nilipotia sahihi yangu, napo ikasafisha na kukisia. Pana sahihi. Ya nani, sijui. Inafanana na ya daktari.

Nikamwambia yule bwana, tafadhali ishushe, nakurudishia 1,500 zako na mchoro wa wino nakupa bure. Akacheka. "Wageni wanapiga picha mbele yake kila siku. Nani anasoma?" Nikamwambia mji mzima unasoma. Akajibu: jina lako halimo, picha nimeinunua, ni yangu.

Hapo ndipo nilipowaka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikitengenezwa na kompyuta, mtunzi wake ni yule aliyefanya matayarisho ya kuiwezesha itokee. Haya, nani alikaa barazani siku nne? Nani alinunua bando? Lakini ona nilipojifunga. Nikishinda hoja hiyo, nimekubali kwamba hayo makorokocho juu ya mlango ni yangu. Nikishindwa, yanabaki ukutani. Na watu wanaonijua hawangoji sheria, kwao yameshakuwa yangu tayari. Juzi muuza samaki kaniuliza kama siku hizi naandika Kichina.

Msiniambie "ungejifunza kuitumia vizuri". Nimeshajifunza. Najua sasa kwamba unaweza kuziba sehemu ya maandishi ili mashine isiiguse, na kwamba ningeweka 0.2 ingepaka rangi kidogo na kuacha mistari yangu. Ninachodai ni picha moja ishuke kwenye ukuta mmoja. Wakili niliyempigia Mombasa ametaja ada ambayo siipati kwa miezi mitatu. Aliyewahi kupitia jambo kama hili Pwani anieleze alianzia wapi: kwa wazee wa mtaa, kwa chifu, au kwa nani?

NYONGEZA: Anayesema nipeleke rangi nyeupe usiku, asante kaka, wazo hilo lilishapita kichwani na mke wangu amelikataa.

NYONGEZA 2: Mliouliza kama mchoro wa wino bado upo, upo, uko kabatini kwangu. Una doa la kahawa pembeni, mpwa wangu huyo huyo. Nimeutoa leo nikahesabu meno. Matatu.